Hesabu ya Matita

Mwaka wa mwisho chuoni tulitakiwa kutengeneza filamu ya hali halisi, dakika 20, kuhusu watu wanaofanya kazi vijijini. Vikundi vingi vilichagua wavuvi. Bahari hupendeza kwenye kamera, na si mbali sana na mjini. Kikundi chetu cha watu wanne kilichagua mkonge, na wazo hilo lilikuwa langu.

Kwetu ni Njombe. Nilipokuwa mdogo, mtu akichelewa kurudi kutoka sokoni bibi yangu alikuwa anauliza, "Vipi, amekwenda Tanga?" Watoto tulicheka bila kujua tunachekea nini. Baadaye nikaambiwa kwamba kaka yake bibi alipanda lori la SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikiandikisha vibarua wa mkonge nyakati za Waingereza, akaenda Tanga na hakurudi. Haikuja barua wala salamu. Mama yao alimwombea kila jioni mpaka alipofariki, na bibi akairithi sala hiyo kama mtu anavyorithi chungu.

Wasomaji wa umri wangu huenda hawalijui vizuri neno "manamba". Wazee wetu walipofika mashambani waliandikwa kwa namba, na namba ikawa ndiyo jina lao. Walipewa kadi iitwayo kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi uliyopangiwa siku hiyo, karani anakuwekea alama. Usipoimaliza, siku hiyo haihesabiki hata kama jua limekuchoma tangu asubuhi. Mshahara ulikuja baada ya nafasi zote 30 kujaa. Walitoka Njombe na Songea, Kigoma, Rwanda na Burundi, na ng'ambo ya Ruvuma kwa Wamakonde. Utajiri wa Tanganyika kwa miaka mingi ulipita katika mikono hiyo.

Na utajiri huo ulianza kwa kitu kidogo mno. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa karibu na Pangani, na miaka 70 baadaye nchi yetu ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Niliwahi kumsikia mhubiri mmoja akiifananisha miche hiyo na punje ya haradali. Mfano unavutia, ila mimi haukunikaa moyoni. Mti wa haradali katika Injili ndege hupata kivuli kwenye matawi yake. Mkonge hauna kivuli. Jani lake limesimama kama mkuki, na nchani lina mwiba mweusi unaoweza kumtoboa mtu jicho.

Kisha ikaja nailoni, bei ikaanguka. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, mengine yakageuka pori, na kuanzia miaka ya 1990 yakauzwa tena kwa watu binafsi. Siku hizi mkonge umeanza kufufuka, na wakulima wadogo nao wanapanda. Lakini katika mashamba makubwa kazi ya kukata ni ileile. Mpaka leo anayekata ni mtu mwenye kisu.

Tulifikia wilaya ya Korogwe. Jina la shamba silitaji. Ofisi yao ilitupokea vizuri, ikatupa barua ya ruhusa, na bwana aliyeitia sahihi akatuambia kwa upole, "Pigeni picha ya kazi, si ya malalamiko." Usharika wa pale ulitupa chumba nyuma ya kanisa, magodoro mawili na jiko la mkaa. Mwinjilisti alitutangaza siku ya Jumapili, tukasimama, tukapigiwa makofi ya kilo. Wiki tatu tulikula ugali na mchicha wa watu ambao mshahara wao nilikuja kuujua baadaye, na kuanzia hapo kila tonge lilipita kooni kwa shida.

Tuliyemtafuta tulimpata siku ya pili. Sitamtaja jina, nitamwita Babu kama tulivyomwita pale. Alikuwa na miaka 60 na kitu, mwembamba, mikono ina makovu meupe mpaka kwenye viwiko. Nilimwamkia, "Shikamoo Babu," akaitikia. Aliposikia kwetu ni Njombe akanitazama kidogo, kisha akasema, "Kamwene." Nikajibu, "Kamwene." Yeye amezaliwa kambini palepale Korogwe. Njombe hajafika hata siku moja. Baba yake alikuja kwa lori.

Nilimuuliza kuhusu kaka yake bibi. Alitikisa kichwa. "Mjukuu wangu, makaburi ya zamani yako kule karibu na reli. Hayana majina. Kama unataka, twende ukasali." Tulikwenda, nikasali. Sikupata jibu lolote, wala sikuondoka pale nikiwa na hakika kwamba ndipo alipolala. Lakini nilimpigia bibi simu usiku huo, na alinyamaza muda mrefu kabla ya kusema asante.

Siku tatu za kwanza Babu alikataa kamera. Si kwa hasira. Alisema, "Njooni kwanza muone, mkitazama kwenye kile kioo hamtaona kitu." Basi tukaamka naye saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Mkataji anasimama mbele ya mkonge, anainama, anakata majani ya chini moja moja karibu na shina, na kuyaacha yale ya juu ili mmea usife. Anaondoa ule mwiba wa nchani. Majani 30 yanafungwa pamoja, hilo ni tita moja. Matita yanabebwa begani mpaka pembeni mwa njia na kupangwa, trekta lije kuyachukua. Maji ya jani yakikugusa kwenye mchubuko yanawasha siku nzima. Nilijaribu kukata, nikamaliza tita moja kwa muda ambao Babu alimaliza matano, na mikono yangu haikushika kalamu kesho yake.

Kutoka hapo majani huenda korona. Ndiyo, korona. Mashine ya kuchakata mkonge huitwa hivyo huku tangu enzi za Wajerumani, na ugonjwa ulipokuja mwaka 2020 watu wa kambini walicheka sana kwa huzuni, maana walikuwa wameishi na korona miaka yote. Mashine hiyo inaponda jani na kubakiza singa. Katika kila kilo 100 za majani singa zinazopatikana ni kama kilo nne tu, zilizobaki ni maji na makapi. Wanawake huzichukua singa mbichi na kuzianika kwenye nyaya uwanjani. Ukipita asubuhi unaona kama nywele nyeupe za watu elfu zimetundikwa juani. Mwenzetu wa kamera alipofika pale alisahau hata kula. Ni kweli palikuwa pazuri, na nilikuwa naogopa uzuri huo, kwamba watu mjini wangeuona wasiuone mgongo wa mama anayeanika.

Siku ya nne Babu akasema, "Sasa leteni kioo chenu."

Jioni baada ya kazi tulikaa naye nje ya nyumba. Yeye ni mzee wa kanisa, na Biblia yake imekatika jalada, ameishona kwa uzi wa mkonge. Nilimwomba atusomee sehemu anayoipenda kwa ajili ya filamu. Nilitegemea zaburi. Akasoma Mathayo 20, mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mfano huo, na karibu yote yanahusu wale waliokuja saa kumi na moja jioni wakalipwa sawa na wa asubuhi. Babu hakuanzia hapo. Alifunga kitabu akauliza, "Mmeona huyu mwenye shamba alitoka mara ngapi?" Tukahesabu. Alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. Mara tano. "Anakwenda sokoni mwenyewe kuwatafuta watu. Mimi nimekata mkonge miaka 40, mwenye shamba sijawahi kumwona. Sijui hata ana sura gani." Mkewe akamwambia anyamaze, kamera inachukua. Akasema, "Si nasoma Injili?"

Tangu usiku huo mfano ule siwezi kuusoma kama zamani. Ninachokiona kwanza ni yule mwenye shamba miguuni ana vumbi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika insha hii.

Mwenzetu mmoja alikuwa wa sauti. Ni msichana mkimya, Mwislamu kutoka Tanga mjini, aliyetuvumilia sana kwa nyimbo zetu za mapambio. Kazi yake ilikuwa kutembea na maikrofoni na hedifoni masikioni akinasa kila kitu: kisu, trekta, kikohozi, kunguru. Jioni moja alinasa hesabu. Karani wa shamba hupita na fimbo kwenye mstari wa matita ya kila mkataji, anagonga tita moja moja, halafu anaandika idadi kwenye kadi. Malipo hufuata idadi hiyo. Tita likiwa pungufu au majani yakiwa mafupi, analitupa pembeni. Mwenzetu wa kamera akapiga picha ya karibu ya kadi ya Babu wakati inaandikwa, kwa sababu mwanga wa jioni ulikuwa mzuri.

Usiku tulikuwa tunaoanisha sauti na picha. Msichana wa sauti akasimamisha kompyuta, akarudisha nyuma, akasimamisha tena. Akavua hedifoni akanipa. "Hesabu wewe." Nikahesabu migongo ya fimbo. Ilikuwa 94. Kwenye picha, mkono wa karani uliandika 87. Hakuna tita lililotupwa pembeni. Picha ilionyesha mstari mzima.

Tulirudia mara nne. Kisha tukatafuta sauti za wakataji wengine wawili tulizokuwa nazo siku hiyo. Mmoja alipungukiwa matita matano, mwingine sita.

Mtume Yakobo, katika sura ya tano, anawaambia matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji unapiga kelele. Nilikuwa nimeusoma mstari huo tangu darasa la kipaimara na kudhani ni namna ya kusema tu. Angalia lakini anachosema: kinacholia kwanza ni ule ujira wenyewe, halafu ndipo anapotaja kilio cha watu. Babu hakuwa amelia. Alikuwa amelala nyumbani kwake amechoka. Aliyelia usiku ule ni yale matita saba, tak, tak, tak, kwenye masikio ya binti ambaye hata si wa dini yetu.

Tukabishana mpaka saa nane. Mmoja wetu alisema huu ndio moyo wa filamu, tuuweke mbele, mhadhiri atafurahi. Alikuwa na hoja, kwa kuwa mhadhiri wetu alikuwa ameshatuma ujumbe akiuliza mgogoro uko wapi. Mwingine akasema tukionyesha, karani atafukuzwa, na karani ni yule kaka wa sauti ya besi kwenye kwaya, ana watoto watatu, mmoja alikuwa ametuchotea maji asubuhi. Na Babu je? Filamu ikishatoka sisi tuko Dar es Salaam, yeye yuko hapa na kisu chake. Mimi nilisema jambo moja tu: haya matita si yetu. Tuwapelekee wenyewe.

Jumamosi usiku walikuja wakataji 11 na wanawake wanne wa uanikaji kwenye chumba cha Shule ya Jumapili. Tukafunga madirisha. Tukawasikilizisha. Walihesabu pamoja nasi kwa midomo bila sauti. Ilipofika 94 na kadi ikaonyesha 87, hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililonitisha. Mmoja alisema tu, "Kumbe ni kweli." Walikuwa wanajua kwa miaka. Walichokosa ni kitu cha kushika.

Mwinjilisti alikuwepo. Ni mtu mwema, na usharika wake hupokea sadaka kubwa ya Krismasi kutoka ofisi ya shamba. Nadhani kila mtu mle ndani alilifikiria hilo. Alisema mambo ya ofisi ni mazito, tuyaweke katika maombi. Mama mmoja wa uanikaji, aliyekuwa amekaa sakafuni akimnyonyesha mtoto, akamjibu bila kuinua kichwa: "Tuombe, ndiyo. Na tuhesabu."

Vijana walitaka kwenda kwa karani usiku uleule. Babu akawazuia. Akasema Bwana Yesu ameshatupa utaratibu, Mathayo 18. Ndugu yako akikukosea, kwanza unamwendea peke yako. Asiposikia, unachukua mmoja au wawili pamoja nawe. Asiposikia tena, unalipeleka kwenye kusanyiko. "Sisi tunautumia mtu akizini," akasema, "lakini haujaandikwa kwamba ni wa uzinzi tu." Nimekaa kanisani miaka yangu yote na sijawahi kuona Mathayo 18 ikipelekwa kwenye kadi ya mshahara. Kisha akatugeukia sisi wanafunzi. Ile picha ya kadi isionekane kwenye filamu, na uso wa karani usionekane. Sauti wabaki nayo wao.

Kuna mtu atasema tulipoteza filamu nzuri. Mwenzetu mmoja alisema hivyo, na kwa siku mbili hakuzungumza nami. Nilikuwa na jibu moja, na bado ninalo: karani alimdhulumu Babu kwa kuandika kile Babu hakukisema, na sisi tusingefanya vilevile kwa kalamu nzuri zaidi.

Jumapili baada ya ibada Babu alimfuata karani peke yake, chini ya mwembe. Tuliwaona kwa mbali. Karani alirusha mikono akaondoka. Jumanne Babu alikwenda na wawili, na simu yenye sauti. Safari hii karani alikaa kimya, halafu akasema anaagizwa kupunguza, kwamba juu wanataka hesabu ifanane na mzani wa korona. Nani anamwagiza, hakusema. Labda ni kweli, labda ni namna ya kujitetea. Basi wakaenda kwenye tawi la chama cha wafanyakazi, na kutoka hapo ofisini, watu 15 wamevaa nguo za Jumapili siku ya Alhamisi.

Ofisi haikukiri chochote. Matita ya nyuma hayakulipwa hata moja. Lakini iliamuliwa kwamba kuanzia wiki ile wakataji wawili watembee na karani na kuhesabu kwa sauti. Na Babu akahamishiwa kwa muda kwenye shamba la mbali lenye mkonge wa zamani, majani mafupi, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Hakuna aliyesema ni adhabu. Mkewe alisema, na alinisema na mimi pia, kwamba wageni huondoka. Sikuwa na la kumjibu, nikamsaidia kuchambua maharage.

Kabla ya kuondoka tulipiga picha ya mwisho: jioni, vumbi, fimbo inagonga, na sauti tatu zinahesabu kwa pamoja, ya karani ikiwa ndogo kuliko zote. Ndiyo inayofunga filamu yetu. Uso wake hauonekani, fimbo tu na viatu. Mpaka tunapanda basi alikuwa bado hajarudi kwenye kwaya, na Jumapili ile besi ilisikika nyembamba.

Mhadhiri alitupa B. Alisema filamu imetulia mno, haina mgogoro, na kwamba hakuelewa kwa nini tunamalizia na watu wanaohesabu dakika mbili nzima. Miezi miwili baadaye tulirudi na projekta ya kuazima tukaionyesha kanisani kwenye shuka jeupe. Kule walielewa. Ilipofika sehemu ya kuhesabu, kanisa zima lilihesabu pamoja na shuka, watoto kwa wazee, wakapitiliza mpaka filamu ikaisha wao wakiwa bado wanaendelea. Babu alikuwa amesharudishwa kwenye shamba la karibu. Aliomba kitu kimoja, picha ya karatasi amevaa koti, aitundike.

Nyumbani nikimwombea kaka yake bibi, siku hizi namwombea pia mtu aliyeshika kadi yake, yeyote alikuwa nani. Bibi anasema sala imekuwa ndefu.

Babu hana mazoea ya simu. Ananitumia ujumbe kila mwisho wa wiki, maneno machache, kwa simu ya mjukuu wake wa kweli. Wa mwisho ulikuja Ijumaa iliyopita: "Leo 91. Zote 91 zimeandikwa. Magoti yanauma. Salimia Njombe."